Tanga usiku: pa kula na pa kulala

Watu wakisema Tanga imelala nawashangaa, sijui huwa wanakuja saa ngapi. Jua likizama we shuka Raskazone, huko ndo kuna upepo na kinywaji cha baridi huku unaangalia bahari, na Mkonge Hoteli iko hukohuko, ukiwa na hela ya kulala sehemu ya heshima lala pale. Bajeti ikibana gesti za mjini zinatosha, ila kagua feni kabla hujalipa maana joto la Tanga halina adabu.

Ila msosi mwenyewe mi naufuata Ngamiani, kule barabara zinaitwa kwa namba, ya 1, ya 2, mpaka zinapita 20, yani ukipotea unahesabu tu. Pweza anakatwa vipande vidogo mbele yako, unachoma na kijiti, unachovya kwenye pilipili ya ukwaju, alafu supu yake unapewa kwenye kikombe, ya moto kweli. Hizo baa mpya za taa za rangi mtanisamehe, chipsi bei juu na zimepoa, na muziki unampigia kelele hata jirani. Kwa pweza unaitwa "karibu mwanangu" na kipande cha nyongeza juu.