Mvule nilioutafuta ulikuwa nyuma yangu

Jamani, wiki tatu nimehangaika huku ugenini natafuta mvule wa kutengenezea benchi la kukaa nje. Kila muuzaji ananitolea macho. Nimeonyesha picha, nimechora hadi jani. Wapi! Mwisho nikaandika jina la kisayansi kwenye karatasi, Milicia excelsa. Mzee wa ghala akasoma, akacheka: "Iroko!" Kumbe ndilo jina la mvule huku. Mbao zilikuwa zimeegemezwa ukutani, hatua tatu nyuma yangu.

Sikumwamini hapo hapo. Nilishawahi kuuziwa "mahogani" ambayo mahogani yake ilikuwa rangi tu. Na hata mahogani za kweli si moja, kuna Swietenia ya Amerika na Khaya ya Afrika. Nikamwomba apige randa kidogo pembeni. Ikatoka njano, ile njano inayogeuka kahawia ikikaa kwenye mwanga, na vumbi likanipigisha chafya mbili. Ndiye huyo huyo!

Kilichonitesa zaidi ni vipimo. Mbao inaitwa ya inchi 1, ukiipima imebaki milimita 19 kwa sababu imesharandwa. Mahesabu yangu yote nikafuta, nikaanza upya.

Halafu jana msumeno umegonga jiwe ndani ya mbao. Jiwe kweli, mvule huwa nalo, chokaa iliyoganda. Meno manne yameisha. Benchi lina miguu, pa kuegemea bado, nasubiri msumeno urudi kutoka kunolewa.