Chumba cha mbele, Puebla: chokaa, mkanda mwekundu na vigae vya dirisha

Nyumba tunayopanga hapa Puebla, Mexico, ni ya zamani, kuta zake nene za mawe na matofali ya udongo. Wapangaji waliotutangulia waliipaka rangi ya plastiki, na chumba cha mbele kimevimba malengelenge kila mahali karibu na sakafu. Kuta za namna hii hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa hewani polepole. Ukizifunika kwa plastiki, unyevu hukosa njia, ukaibandua rangi. Kwa hiyo tunarudi kwenye chokaa.

Kukwangua

Skrepa, brashi ya waya, vumbi tele. Chini ya ile rangi nyeupe ya plastiki ukatokea mkanda mwekundu wa zamani, kimo cha kiuno, umezunguka chumba kizima. Nimefurahi mno! Wenyeji huuita guardapolvo: rangi nzito ya sehemu ya chini ya ukuta, panaporukiwa na matope na kugongwa na viti.

Kabla ya hapo nilikuwa nikiwaza pinki ya Luis Barragán, msanifu majengo ambaye nyumba yake ya 1948 jijini Mexico imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, au buluu ya nyumba ya mchoraji Frida Kahlo kule Coyoacán, jijini humo humo. Mkanda umeniamulia. Chini nyekundu, juu njano ya udongo, katikati mstari mwembamba wa buluu. Wengi wakitaka chumba cha Kimexico humwaga rangi zote ukutani, lakini nyumba za mtaa huu zina mpangilio: rangi nzito hukaa chini, nyepesi juu, na vitu vya mikono hupata pa kuonekana.

Kuchanganya

Chokaa iliyozimwa, maji, chumvi kidogo na ute wa mpungate. Mpungate huuzwa sokoni kama mboga, miiba imeshaondolewa. Naukatakata, naulowesha usiku kucha, asubuhi nachuja kwa kitambaa. Unavutika kama bamia. Ute huo ndio unaoishikiza chokaa ukutani isiachie unga mkononi.

Rangi yenyewe ni unga wa madini tu, oksidi ya chuma kwa nyekundu na njano, maana ukali wa chokaa huziua rangi nyingi nyingine. Sizidishi sehemu moja ya kumi ya uzito wa chokaa.

Brashi ni ya nyuzi za ixtle, jamaa wa mkonge. Napenda kukumbuka kwamba mkonge wetu nao asili yake ni huku Mexico, ukafika Tanganyika mwaka 1893.

Kupaka

Ukuta hulowanishwa kwanza, kisha unapaka mikono myepesi, yaani matabaka membamba ya chokaa, brashi ikienda huku na huku kwa kukatana. Ikiwa mbichi, njano hukolea hadi inatisha; ikikauka hupauka sana. Ndiyo maana kila mchanganyiko naujaribu kwanza nyuma ya mlango na kuusubiri ukauke. Chokaa huvuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe taratibu, kwa hiyo siharakishi mkono unaofuata.

Mkono wa tatu umekauka leo. Njano haikutoka sawasawa, ina mawingu mepesi, na hicho ndicho nilichokitaka. Rangi ya ndoo haiwezi kukupa. Mstari wa buluu nimeupiga kwa kamba ya fundi, kisha nikaujaza kwa mkono bila utepe.

Kilichobaki

Kizingiti cha dirisha kitawekwa vigae vya talavera, ufinyanzi wa hapa hapa Puebla ulioingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2019 pamoja na wa Tlaxcala na wa Hispania. Nitachukua vya buluu na nyeupe pekee, kwa sababu nyekundu na njano tayari zinasema vya kutosha. Darini, uzi mmoja wa papel picado, karatasi zilizochongwa kwa patasi kule Huixcolotla, jimbo hili hili. Kioo cha fremu ya bati bado nakitafuta. Vingi nilivyoviona ni vikubwa mno kwa ukuta wa mlangoni.