Nyimbo 36 za usiku mmoja: kumbukumbu ya bendi yetu na densi ya kantri huko Kericho

Juma la kwanza

Tumealikwa kupiga muziki wa kantri katika sherehe ya miaka 40 ya ndoa, kwenye shamba la chai lililo nje kidogo ya mji wa Kericho, na tumepewa majuma sita ya kujitayarisha. Wenyeji wametoa sharti moja tu, kwamba wageni wacheze densi na wasikae vitini wakisikiliza. Sharti hilo lilionekana jepesi hadi nilipoanza kuandika orodha.

Nilimwomba kila mmoja wetu sita alete nyimbo 15. Baada ya kuondoa zilizojirudia zilibaki 58, na karibu zote ni zile ambazo Mkenya yeyote aliyelelewa na redio ya Jumapili anaweza kuziimba bila karatasi: Jim Reeves, Skeeter Davis, Charley Pride, Don Williams, Kenny Rogers, Dolly Parton. Nilizigawa kwa kuangalia miguu ya mchezaji, wala si jina la mwimbaji. Zilizofaa walzi zilikuwa 6, za densi ya hatua mbili 11, za densi ya mistari (watu hujipanga safu na kugeuka pamoja) 5, za polepole za watu wawili 13, na 23 zilizobaki sikuweza kuziita kwa jina lingine isipokuwa nyimbo za kusikiliza.

Hapo ndipo penye tatizo letu. Kantri tuliyoipenda sisi ni ile ya kuegemea kiti na kutikisa kichwa. Jim Reeves, aliyekufa katika ajali ya ndege karibu na Nashville mwezi wa Julai 1964, aliimba karibu sana na kipaza sauti, kama mtu anayenong'ona, na mnong'ono hauwezi kuwainua watu 200 kutoka kwenye sahani za nyama. Kenny Rogers naye ni msimuliaji: ukianza The Gambler ya mwaka 1978, ukumbi mzima utaimba kiitikio, lakini utakiimba ukiwa umeketi. Nimezikata nyimbo 17 kati ya hizo 23, na mpiga besi wetu, mzee aliyeanza kushika gita kabla sijazaliwa, hajanisemesha tangu Jumanne.

Juma la pili

Leo tumejadili walzi, na majadiliano yamechukua muda kuliko mazoezi yenyewe. Walzi ni mapigo matatu-matatu, la kwanza zito na mawili yanayofuata mepesi, na katika nyimbo zote tulizo nazo hakuna inayoyabeba vizuri kama Lucille ya mwaka 1977. Besi inatembea yenyewe, kiitikio kinarudi mapema, na hata asiyejua walzi hujikuta anayumba kushoto na kulia. Shida ni maneno. Wimbo huo unamhusu mwanamke aliyemwacha mumewe na watoto wanne wenye njaa, mazao yakiwa bado shambani, nasi tunakwenda kuupiga mbele ya wakulima wanaosherehekea kwamba hakuna aliyemwacha mwenzake kwa miaka 40.

Nilijaribu kutafuta badala yake. Tennessee Waltz, ambao Patti Page aliupatia umaarufu mkubwa mwaka 1950, ni habari ya mtu aliyenyang'anywa mpenzi na rafiki yake papo hapo kwenye densi. Nyingine tatu zilikuwa na kaburi, pombe au treni inayoondoka. Nimefikia uamuzi kwamba kutafuta walzi ya kantri isiyo na mtu aliyeachwa ni kujichosha. Dada yetu mwimbaji alipendekeza tumuulize mwenye sherehe mwenyewe, yaani mama, nami nikampigia simu nikiwa na haya kidogo. Alicheka sana, akasema: "Huo mpigeni, mwanangu. Baba yenu anaujua vizuri, na kila tukiucheza hunishika mkono kwa nguvu zaidi."

Lucille umebaki, ila hautakuwa wa kwanza. Ufunguzi tumeuacha kwa Islands in the Stream, wimbo wa mwaka 1983 ulioandikwa na ndugu wa Bee Gees na kuimbwa na Kenny Rogers pamoja na Dolly Parton, kwa sababu wenyeji walioana mwaka 1985 wakati ulipokuwa ungali unasikika kila mahali. Katika rekodi, ufunguo, yaani noti ambayo wimbo mzima umejengwa juu yake, hubadilika pale sauti ya mwanamke inapoingia. Tumefanya mazoezi ya mruko huo mara tisa, na mara saba mpiga kinanda alifika kabla yetu.

Juma la tatu

Densi ya mistari imekuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Achy Breaky Heart ya mwaka 1992 ina kodi mbili tu (kodi za gita, si zile za serikali), na kila mtu aliyewahi kuhudhuria harusi mjini anajua mahali pa kugeuka. Hatari yake ni kijana wetu wa ngoma, ambaye riziki yake ya kila juma ni benga na mugithi, muziki wa kwetu Kenya, na ambaye kwake wimbo usioongeza kasi ni kama gari lililokwama matopeni. Tumemwekea kipima mapigo sikioni kwenye 120 kwa dakika. Densi ya mistari ikikimbia, mstari wa nyuma hukanyagana.

Kinyume chake, densi ya hatua mbili ndiyo inayotutesa. Hesabu yake ni haraka, haraka, pole, pole, na wageni wengi hawajafundishwa. Tulimwita jirani mmoja na mkewe waje kucheza wakati wa mazoezi, nami nikatazama miguu yao badala ya nyuzi zangu. Tulsa Time ya Don Williams, ambayo nayo ni ya kodi mbili, iliwafaa mara moja. Nyimbo nne ambazo sisi tulizidhania nyepesi ziliwasimamisha katikati, kwa kuwa mwimbaji hushikilia neno huku bendi ikimngojea, na mchezaji aliye hewani hana pa kungojea. Nne hizo zimeondoka, na sikuona haja ya kupiga kura.

Hatuna gita la stili, lile la kantri ambalo mlio wake huteleza kutoka noti moja hadi nyingine. Mpiga solo anaiga mlio wake kwa kuzungusha kitasa cha sauti kwa kidole cha mwisho huku akivuta uzi, na kwa umbali wa mita kumi mtu atadanganyika.

Juma la nne

Mwenyeji amepiga simu kuomba jambo ambalo halikuwa katika orodha ya yeyote kati yetu: wimbo wowote wa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri ya mwanzo kabisa, kwa heshima ya wazee watakaokuwapo. Ombi hilo lina mizizi katika ardhi hiyohiyo. Rodgers alianza kurekodi huko Bristol, Tennessee, mwezi wa Agosti 1927, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1933, lakini santuri zake zilifika katika nchi ya Wakipsigis, na jina lake likageuka kuwa Chemirocha. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alipofika Kapkatet na mitambo yake ya kurekodi mwaka 1950, wasichana walimwimbia, wakifuatwa na kinubi, juu ya huyo Chemirocha ambaye ni nusu mtu, nusu swala.

Mpiga kinanda alitaka tuuchukue wimbo wa wasichana hao na kuuwekea ngoma. Nilikataa. Ule si mali ya bendi ya kukodiwa, na wazee wenyewe wataujua kuliko sisi. Tumechagua Waiting for a Train ya mwaka 1928. Ile sauti ya Rodgers ya kuvunjavunja kooni, ikiruka kutoka nzito hadi nyembamba, imemshinda kila mmoja wetu isipokuwa mpiga besi, ambaye ameanza kunisemesha tena.

Juma la sita, baada ya sherehe

Tulipiga awamu tatu za nyimbo 12, kuanzia saa mbili usiku hadi baada ya saa sita. Mpangilio uliotufaa ulikuwa nyimbo mbili za kasi, moja ya polepole, kisha moja ya mistari, bila kuweka walzi mbili pamoja. Islands in the Stream tuliuharibu pale pale kwenye ufunguo, lakini wenyeji walikuwa wakitazamana na hawakutambua. Lucille tuliupiga katika awamu ya pili, na mama alielekeza kidole kwa mumewe kila kiitikio kilipofika.

Nyimbo sita za kusikiliza nilizokuwa nimeziacha kwa shingo upande tulizipiga wakati wa chakula, na zilifaa. Kwa Waiting for a Train, wazee watano walisimama, wakasogea karibu na jukwaa, wala hawakucheza hatua mbili wala walzi. Walirukaruka wima palepale walipo, mabega yakitikisika, na kijana wa ngoma, bila kuniuliza, aliongeza kasi. Nilimwacha.

Nimeifuta alama ya "hatua mbili" kando ya wimbo huo katika daftari, na mahali pake bado sijaandika kitu.