Ubao wa friji, wiki ya sita: dalili moja, makosa mawili

Hatimaye ubao umewaka. Kompresa kuukuu ya friji (pampu ya gesi), kondensa (koili inayotoa joto nje), kapilari (bomba jembamba linalobana kimiminika) na evaporeta (koili inayopoa) vimefungwa wazi juu ya plaiwudi, ili mwanagenzi afuate bomba kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho. Viungo viwili vilivuja nilipopima kwa nitrojeni, nikavilehemu upya. (Nitrojeni, si oksijeni; oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka.) Kisha vakyumu, yaani kunyonya hewa yote, kisha kujaza R134a, gesi ya friji.

Somo la kwanza lilikuwa la kugusa tu. Evaporeta baridi, sawa. Kondensa ikawashangaza wanagenzi. "Mwalimu, kama kompresa inatengeneza baridi, mbona huku kunachoma?" Swali hilo lilinitosha kwa saa nzima: baridi haitengenezwi, joto ndilo linalohamishwa.

Jana ndiyo siku niliyoijengea ubao huu. Nyuma nimeficha swichi ya kuzima feni ya evaporeta. Nikaizima. Geji ya presha ya chini, upande wa evaporeta, iliyokuwa kwenye bar 1.0, ikashuka taratibu hadi 0.6. Wakajibu kwa sauti moja: gesi imepungua, tuongeze! Ugonjwa huo nimeuona hata kwa mafundi wa miaka mingi.

Nikawapa kipimajoto badala ya chupa ya gesi. Kwenye 0.6, R134a huchemka karibu na nyuzi 15 chini ya sifuri. Bomba linalorudi kwenye kompresa lilisoma -14. Tofauti ni nyuzi 1 tu, maana yake kimiminika hakijamaliza kuchemka kwa kukosa hewa ya moto inayopita. Ukiongeza gesi hapo, unaipeleka kompresa ikanywe kimiminika.

Nikawasha feni, nikahamishia sehemu ya gesi kwenye chupa ya akiba niliyoiunga kwa vali. Gesi hiyo siiachii hewani, maana kilo moja ya R134a hupasha dunia joto kama zaidi ya kilo elfu moja za kaboni dioksidi kwa miaka 100. Geji ikarudi palepale, 0.6. Safari hii bomba lilisoma +6: tofauti ya nyuzi 21. Gesi kidogo, imechemka mapema na kuendelea kupata joto njiani. Kimya kikatanda, kisha mmoja akacheka peke yake.

Kwa makusudi sikuweka vali ya upanuzi inayojirekebisha badala ya kapilari. Ingepunguza mtiririko yenyewe na kunifichia kosa la feni.

Wiki ijayo nitabana kapilari kama iliyoziba. Presha itashuka na tofauti itakuwa kubwa, kama gesi ikipungua, na kanuni yao mpya (tofauti kubwa ni gesi kidogo) itawaangusha. Hapo itabidi wapime pia bomba linalotoka kwenye kondensa, ambako kimiminika kitakuwa kimejazana. Kipimajoto cha pili bado sijakifunga.