Pikseli kwanza, brashi baadaye

Mteja kaniomba picha ya maharusi ya kuchapwa kwenye karatasi ya A3. Kabla ya kushika brashi, nimefungua Krita, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, nikaweka turubai ya pikseli (vinukta vinavyounda picha) 3508 kwa 4961, yaani pikseli 300 kwa kila inchi. Wachoraji wenzangu, hiyo 300 peke yake haiongezi ubora! Kinachobeba picha ni wingi wa pikseli. Turubai ya 595 kwa 842 ukiiandikia 300, itachapwa kwa upana wa sentimita 5 tu.

Leya (matabaka ya mchoro) zilipozidi, brashi ikaanza kuburuta, nikaunganisha za mandharinyuma. Saa hizi nakuza jicho la bibi harusi, kila kope iko safi, hata wanja umekaa. Nimefurahi mno! Kesho asubuhi naipeleka kuchapwa.