Siku moja Ngamiani, Tanga: keneli mpya, waifai hakuna

Saa 1:30 asubuhi. Hata baiskeli sijaiegesha, mama wa steshenari ya jirani keshanisubiri mlangoni pa duka langu la ufundi, laptopu kaikumbatia kama mtoto mwenye homa. Shikamoo. "Marahaba. Mwanangu, jana ilikuwa nzima. Usiku imejiapdeti, leo waifai siioni. Na mitihani ya shule inatakiwa saa 8."

Saa 2. Ni Ubuntu, mfumo wa Linux badala ya Windows, nilimwekea mwenyewe. Nikaandika lspci -nnk, amri ya kuorodhesha vifaa vya ndani na draiva zake. Chipu ya waifai ipo, Broadcom BCM43142, lakini ule mstari wa chini unaotaja draiva inayotumika, wl, haupo. Kifaa kizima, anayekiendesha ndiye hayupo.

"Kaka, si tuipige upya tu?" kijana wangu akadakia. Neno hilo linanikera. Mteja ana miaka 6 ya kazi humo ndani, wewe unataka kufuta kwa sababu ya draiva moja!

Saa 2:20. Nikaiwasha upya, Esc, menyu ya GRUB, ya kuchagua cha kuwashia, ikatokea, nikachagua keneli (kiini cha mfumo) ya zamani, iliyokuwepo kabla ya apdeti. Ubuntu haiifuti papo hapo, hubaki nayo akiba. Waifai hiyo! Mama akashusha mitihani yake, akaenda kuchapa. Nikamwonya: akiizima na kuiwasha, itarudi kwenye keneli mpya. Mchana ailete.

Saa 3 mpaka saa 8 ni printa, chaja na simu zilizolowa. Hakuna la kusimulia.

Saa 8:40. Mama karudi, umeme ukakatika, ruta ikazima. Nikachomeka simu yangu kwa waya wa USB, intaneti ikapita humo, nikaingia keneli mpya. Nikaiuliza DKMS, programu inayojenga draiva za namna hii, kwa amri ya dkms status: wl imejengwa kwa keneli ya zamani peke yake. Draiva hii haimo ndani ya keneli. Kila keneli mpya ikija, DKMS huijenga upya, na ili ijenge inahitaji heda, yaani mafaili ya kujengea, za keneli hiyo hiyo. Heda hakuna. Nani kaziondoa?

Nikafungua kumbukumbu za zamani ndani ya /var/log/apt, zinazoandika kila kilichowekwa na kuondolewa. Mwezi wa pili, siku aliyolalamika diski imejaa: Remove (ondoa), linux-headers-generic, furushi linaloleta heda. Mkono ulioandika amri hiyo ni wangu. Kijana alikuwa anasoma begani kwangu, akakohoa kidogo.

sudo apt install linux-headers-generic. Feni ikaanza kuvuma, DKMS ikajenga, dakika kama mbili hivi. Kisha sudo modprobe wl, kuiwasha draiva. Ruta yetu ilikuwa bado gizani, ila waifai za simu za majirani zikajipanga kwenye orodha moja baada ya nyingine.

Saa 9:30. "Shilingi ngapi, mwanangu?" Nikamwambia hakuna, na kwa nini hakuna.

Akanitazama. "Kwa hiyo uliniharibia mwezi wa pili, ukaja kunitengenezea leo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi na ile pesa ya mwezi wa pili nirudishie."