Kutoka Mayai ya Chalinze Hadi Senene wa Bukoba

Novemba nilipanda basi stendi ya Magufuli, Mbezi, kwenda Bukoba, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,300. Nyumbani niliaga kwamba naenda harusini, na harusi ilikuwepo kweli. Lakini mtu anayeacha harusi ya Agosti na kuchagua ya Novemba, tena ya Bukoba, ana yake tumboni. Huo ni msimu wa senene, panzi wanaoliwa.

Safari ya basi kwetu huliwa dirishani. Chalinze hatujasimama vizuri, tayari mabeseni yako juu: korosho, mahindi ya kuchemsha, machungwa yaliyomenywa, mayai. Yai la Chalinze linapasuliwa katikati, linajazwa kachumbari na pilipili, unalipokea huku konda anapiga bodi na dereva anaachia breki. Yai hilohilo ukilichemsha nyumbani, ukakaa nalo mezani, halina maana yoyote. Nilimwona kijana akikimbia sambamba na basi kumrudishia abiria chenji yake, na kila aliyekuwa upande ule akashusha pumzi chenji ilipofika. Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 ni ya haraka na ni safi, sina neno nayo, ila madirisha yake hayafunguki. Unafika Dodoma hujui Dumila wanauza nyanya wala Gairo wana viazi vitamu vya namna gani.

Dodoma nilishuka nilale kwa rafiki niliyesoma naye. Mama yake akatutengea ugali wa uwele na mlenda. Watu wote walionionya kuhusu senene hawakunionya kuhusu mlenda. Ukichovya tonge na kulinyanyua, mlenda haukubali kuachana na bakuli. Unavutika, unakufuata hadi kidevuni, na wewe mgeni hujui uukate kwa kidole au uendelee kupanda nao. Wenyeji wana mzungusho fulani wa kifundo cha mkono, mara moja tu, umekatika. Watoto wa nyumba ile waliacha kula ili wanitazame. Ladha yake ni nzuri, hasa ukiungwa kwa karanga, na tonge la uwele bila mlenda lingekwama kooni. Ila koo la mtu wa Pwani hupenda kujua chakula kinaanzia wapi na kuishia wapi.

Kesho yake nikapanda basi jingine. Singida tuliuziwa mafuta ya alizeti kwenye madumu, na watu wakayapanga miguuni hadi tukakosa pa kukanyaga. Kuelekea Nzega zikaanza michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, vigumu kiasi kwamba mzee wa Tanga niliyekaa naye siti moja alikitazama kipande kimoja kwa muda mrefu kisha akakiweka mfukoni.

Ni huyo mzee aliyeanzisha mjadala. Mama mmoja wa Muleba, nyuma yetu, alisema anawahi nyumbani kabla senene hawajaisha. Mzee akageuka.

"Panzi hao? Astaghfirullahi!"

"Baba, kwenu si mnakula pweza?"

"Pweza ni samaki."

"Samaki gani ana mikono minane?"

Basi zima likacheka. Kijana mwenye kanzu akakumbusha kuwa vipo vyakula viwili vinavyoliwa bila kuchinjwa, samaki na nzige, na senene ni ndugu yake nzige. Mlokole wa siti ya mbele akadakia kwamba Yohana Mbatizaji naye aliishi kwa nzige na asali ya mwitu. Mzee akabaki peke yake, akajikusanya. "Si kila halali ni lazima, wanangu." Jibu hilo hakuna aliyelipatia dawa, mpaka tukashuka kuchimba dawa Kahama.

Bukoba usiku wa msimu unaanza kuuona kabla hujafika: taa kali zinamulika angani, chini yake mabati yamesimamishwa, miguuni mwa mabati kuna mapipa. Senene wanaifuata taa, wanagonga bati, wanateleza mpaka ndani ya pipa. Asubuhi kazi ni kuwanyonyoa mabawa na miguu, na hapo ndipo mgeni anapogundua kwamba sufuria moja ni kazi ya ukoo mzima. Hawahitaji mafuta, wakipata moto wanatoa yao wenyewe, unaongeza chumvi na kitunguu tu. Wakikolea wanavunjika mdomoni kama ngozi ya kuku iliyokauka kwenye kikaango. Nimekula kamba wa bei kubwa Dar es Salaam ambao hawafiki nusu ya hapo.

Zamani wanawake wa Kihaya waliwakusanya senene, wakawanyonyoa, wakawapika, lakini kuwala ilikuwa mwiko kwao. Miiko ya vyakula ina tabia moja niliyoiona kila mahali: kitamu humwangukia aliyeitunga. Nyumba nyingi nchini mpaka leo firigisi ni ya baba. Nilimuuliza mama mwenyeji wetu, mtu wa makamo na heshima zake, kama na yeye alikulia kwenye mwiko huo. Akasema ndiyo, bibi zao walikatazwa kabisa. Kisha akachota kiganja kizima akatafuna. "Lakini mwanangu, nani aliwahi kuhesabu vilivyomo sufuriani kabla havijatengwa?"

Baada ya kula ikapitishwa akamwani, buni za robusta zilizochemshwa na majani yenye harufu kisha zikakaushwa. Hazisagwi wala hazinywewi. Mgeni anapewa anatafuna. Ni chungu, halafu mate yanakujaa, halafu unaanza kuzungumza mambo ambayo hukuulizwa. Nyumba nzima ilikuwa macho hadi usiku wa manane tukimjadili bwana harusi. Ukipewa zipokee kwa mikono miwili, na ukiwa na basi la alfajiri, tafuna moja tu.